Gari la Milola Lililoumwa Alfajiri

Mwanangu, wewe uliyeanza juzi kushika spana, ipo asubuhi moja ya kipupwe ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona aibu, na mvi zote hizi kichwani. Sijawahi kuisimulia vizuri, kwa sababu ndani yake mimi si mtu mzuri. Lakini umri huu sina tena cha kuficha, na wewe bado una muda wa kuepuka nilichokifanya.

Wakati huo nilikuwa fundi Lindi mjini, kwenye gereji ya Fundi Hemedi, mtu wa pwani wa siku nyingi, mpole, asiyependa makelele. Alikuwa ameanza kuniachia kazi peke yangu, nami kichwa kikavimba. Gari likitokea kona ya barabara nilitaja ugonjwa wake kabla halijasimama, na mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniharibu, maana nilipoona napatia nikaacha kuuliza.

Kulikuwa na pikapu moja ya Bi Mwanahawa, mama mfanyabiashara wa pale sokoni. Dereva wake aliitwa Issa, Mmwera wa Milola. Gari lilikuwa linalala kwake kulekule Milola, na kila alfajiri anapakia mihogo na mbaazi, anashuka nalo Lindi ili mzigo uwahi wateja wa asubuhi. Ilipoingia Juni akaanza kuchelewa. Sababu yake ilikuwa moja tu: asubuhi injini inamisi. Inawaka, lakini inatetemeka na kukohoa, kilima hakipandiki, mpaka jua lichomoze vizuri ndipo inachangamka.

Aliniletea gari mara tatu, na kila mara aliwasili karibu saa sita mchana, akishashusha mzigo. Napiga stata, injini inaimba. Mara ya kwanza nikabadilisha plagi. Mara ya pili nikafungua kabureta, nikaisafisha. Mara ya tatu sikufungua hata boneti.

"Mtani," Issa akaniambia, "njoo ulale Milola siku moja uisikie mwenyewe."

Nikamcheka. Nikalale Milola na baridi ile kwa ajili ya gari lisilo na ugonjwa?

Aliniita mtani kwa sababu mimi ni Mmakonde na yeye Mmwera, na sisi wawili tulitaniana bila huruma. Unajua mambo hayo yalivyo huku kwetu. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, anaweza kukuzomea kwenye msiba wako mwenyewe, na huruhusiwi kununa. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Imetufanya tuzike na kucheka siku moja, na watu wakarudi makwao wakiwa na nguvu.

Siku ile ya tatu Bi Mwanahawa alikuja mwenyewe gerejini. Alikuwa amechoka, mzigo wake ulikuwa umeshalala sokoni mara kadhaa bila mnunuzi. Akanisimamia mbele. "Fundi, niambie ukweli. Gari langu lina nini?"

Nami, huku nafuta mikono kwa tambara, nikamjibu, "Gari halina kitu, mama. Mgonjwa ni huyu Mmwera wako. Anaogopa baridi, anangoja jua limtoe kwenye shuka."

Mafundi wote wakaangua kicheko. Issa naye akacheka, kwa kuwa desturi ilimtaka acheke. Bi Mwanahawa peke yake hakucheka. Utani anaujua, ni mzaliwa wa Lindi, lakini yeye alikuwa amekuja kumuuliza fundi swali la kazi, na aliyemjibu ni fundi. Kesho yake akamnyang'anya Issa ufunguo, akampa mpwa wake.

Habari hiyo ilinifikia baada ya siku chache, na wala sikushtuka. Mpwa alikuwa analilaza gari mjini, karibu na bahari, ambako baridi haiumi. Anafuata mzigo Milola mchana, anarudi nao jioni. Gari halikumisi hata siku moja. Basi watu wakaona kesi imekwisha, Issa ni mvivu, na juu ya hayo ni mwongo. Alipokwenda kuomba usukani kwa tajiri mwingine akaambiwa wanatafuta mtu anayeamka. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na kazi nyingine hakuwa nayo. Hata hivyo hakuja kunigombeza. Angeanzaje? Mtani hagombezwi.

Fundi Hemedi siku zote hizo alikuwa Kilwa Masoko, alikwenda kuzika. Aliporudi akasimuliwa kile kichekesho changu na wenzangu, wakidhani atacheka. Akanikalisha juu ya tairi kuukuu, naye akaketi mkabala nami.

"Ile gari uliwahi kuisikia ikiwa ya baridi?"

"Hapana, mzee."

"Issa alikwambia inaumwa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na wewe ukaipima saa ngapi?"

Nikainama. Hakupandisha sauti, mwanangu, na ningefurahi kama angepandisha. Akasema, "Basi gari hukuipima. Uliyempima ni Issa, na Issa hukuletewa umpime." Kisha akanituma kwa Bi Mwanahawa nikaombe gari kwa jina lake, nikalale nalo Milola. "Na utalala nyumbani kwa Issa," akaongeza, "si kwa mtu mwingine."

Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilipofika, Issa alikuwa anachonga mpini wa jembe uani. Akaniangalia, akaangalia gari, akasema, "Mmakonde, shuka langu umelifuata?" Nikataka kucheka, nikashindwa. Mkewe akatupikia ugali na kisamvu, na shuka lenyewe wakanipa kweli, wao wakajifunika kanga. Sikuwahi kula chakula kizito namna ile.

Alfajiri ukungu ulikuwa umefunika mihogo, na bodi ya gari inatiririka umande. Nikapiga stata. Injini ikawaka, ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa, ikikohoa vilevile alivyonieleza. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Issa alikuwa amekunja mikono pembeni.

Nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Injini ikiwa inaunguruma, nikachomoa waya za plagi moja moja, kwa koleo lenye mpini wa mpira. Nikichomoa ya kwanza, injini inalegea zaidi, kumbe silinda hiyo inafanya kazi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikachomoa, mlio haukubadilika hata kidogo. Mgonjwa akawa amepatikana. Ya nne nayo ilikuwa nzima. Nikazima, nikaweka waya mwingine kwenye ile ya tatu, nikawasha, bado imekufa. Plagi nilizibadilisha mwenyewe, kwa hiyo si plagi na si waya. Nikazima tena, nikafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawia kila plagi moto wake wa umeme. Ndani mlikuwa na ufa mwembamba sana, ungedhani ni unywele umeangukia, na umande umetanda juu yake. Moto wa silinda ya tatu ulikuwa unapotelea humo. Nikapangusa kwa ncha ya shati langu mpaka pakakauka, nikafunga, nikawasha. Injini ikatulia.

Kitu kidogo hivyo. Jua likitoka kinakauka, na mchana kule mjini huwezi kukiona. Nilimgeukia Issa nimwambie, nikakuta machozi yanamlengalenga, anaangalia kando nisimwone.

Tuliteremka pamoja mpaka Lindi. Fundi Hemedi alitaka niseme palepale nilipotania, mbele ya walewale waliocheka, na Bi Mwanahawa akaitwa. Nikanyanyua kile kifuniko kila mtu akauona ufa, nikasema gari lilikuwa bovu, Issa alisema kweli, na mimi nilisema nisichokijua. Bi Mwanahawa alilia. Akamwomba Issa radhi, akamnyooshea ufunguo.

Issa akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Kisha akauweka juu ya boneti. "Mama, nimekusamehe," akasema. "Na huyu Mmakonde sina kinyongo naye, kutaniana ni haki yake. Lakini wewe nilikujibu mara tatu hukuniamini, yeye alikujibu mara moja ukamwamini. Gari likikohoa tena, nitaanzia wapi?" Akaaga, akaondoka.

Hakuendesha tena. Alilima ufuta na mikorosho, akalea mtoto wake na wengine waliofuata, na maisha yakaenda. Tulitaniana mpaka Mungu alipomchukua. Ila katika miaka yote hiyo, mwanangu, hakuniambia tena jambo lolote linalomsumbua. Nikimuuliza hali alikuwa anafanya mzaha tu.

Kwa hiyo nakuusia. Mtu akikuletea gari, muulize linaumwa wakati gani, ulipime wakati huohuo, hata kama itabidi ukalale mbali na kitanda chako. Siku hizi mna mashine za kupimia, zitumieni, ni nzuri, lakini anayeamka na gari kila siku ni dereva, naye msikilize kwanza. Ukiwa hujaona ugonjwa, sema sijui bado. Hayo hayatakupunguzia ufundi na hayatamfukuza mtu kazi. Na utani uache kwa watani. Mtu akikuuliza kama fundi, mjibu kama fundi, kwa sababu neno lako linaweza kuingia nyumbani kwa mtu na kukaa humo baada ya wewe kulisahau.

Mungu akupe subira ya kusikiliza watu kabla ya injini. Awajalie wanaokuja kwako waondoke wakiwa wameaminiwa. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akuwahishie mtu wa kukukalisha chini kwa upole kabla jeraha halijawa la kudumu. Amina, mwanangu.