Kotesheni Tatu

Yule karani wa manunuzi haketi. Ofisi yake kule Muthangari hutaka bei zilizoandikwa za maduka matatu kabla ya kununua hata karatasi, basi husimama mlangoni pa duka langu, River Road, goti likicheza, kidole kikibofya kalamu. "Niandikie kotesheni haraka, mzee. Bado mbili." Chai yangu huiacha ipoe, ati chai ya muuzaji hupandisha bei. Jana alifika amelowa chapachapa, wenye maduka mengine wamemwambia arudi kesho. Nikamwekea kotesheni tatu juu ya kaunta: majina matatu ya maduka, mihuri mitatu, zote nimeandika mwenyewe. "Kwani unahangaikia nini, bosi?" Alizitazama, akibofya, akibofya. Kisha akazikunja, akavuta kiti, akanywa chai yote. Goti likatulia.