Kitanga Kitupu

Nilipokuwa mdogo, kwetu Kizingitini, mjomba aliniletea viatu vya Idd kutoka Mombasa. Vyeusi, vinang'aa. Mguu uliingia nusu, kisigino kikagoma. Mama akauliza, "Havikubani?" Nikasema havinibani hata kidogo. Nikazunguka navyo nyumba za watu kutoa mkono wa Idd, nala visheti huku machozi yanilenga, na jioni ukucha wa kidole gumba ukatoka pamoja na soksi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Viatu akapewa binamu yangu, akavivaa miaka miwili, na kila nikimwona navyo kidole kilinicheza.

Nilitaka kusema habari ya mizani, viatu vimejileta vyenyewe. Lakini mdomo ni ule ule.

Shule niliiacha darasa la tatu nikafuata wachoma chokaa, nikawa fundi wa kuta. Kuta nazijua. Mapambo sikuyajua, ila hakuna aliyepata kunisikia nikisema hivyo.

Basi, miaka hii ya karibuni, nishazeeka, Bi mmoja wa mtaa wa Mkomani aliniita. Alikuwa na jengo la biashara la zamani, maduka chini, maghala juu. Juu ya mlango mkubwa babake alikuwa amefinyanga kwa chokaa, kwa mikono yake, mkono uliotokeza ukutani umeshika mizani. Kitanga kimoja kina gunia lililofungwa kamba. Cha pili kingo zimeliwa na chumvi, ndani hamna kitu. Na mizani iko sawa, haikuinama huku wala huku.

Bi alikuwa na mtoto wa jicho, kote kote. Alikuwa anakwenda Mombasa kupasuliwa.

"Nikirudi naona," akaniambia, "nataka cha kwanza kukiona kiwe mizani ya baba. Wayua maana yake, fundi?"

"Nayua, Bi."

"Iko picha yake ya zamani kabatini. Nikutolee?"

"Usijisumbue, Bi. Kazi hizi nimezizoea."

Sikuwa nimefanya hata moja.

Alipoondoka nikapanda jukwaa. Kingo nilizirudisha vizuri, hilo nalisema. Kisha nikakaa nikaitazama. Kitanga kitupu kitalingana vipi na chenye gunia? Nikajiambia, gunia la pili lilianguka zamani. Nikalifinyanga. Nikakwaruza chokaa ya zamani ndani ya kitanga ili jipya lishike, likashika kama jino.

Wachukuzi wakapita na mkokoteni. Mmoja akapiga kelele, "Mzee! Gunia lako limenona kuliko la mwenyewe!"

"Lala njaa wewe," nikamjibu, "magunia yanone." Tukacheka. Nilikuwa nimevimba kwa furaha.

Bi akarudi, miwani myeusi, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Akasimama barazani ng'ambo ya mlango, akavua miwani. Akatazama, akatazama.

"Lile gunia la pili kalitia nani?"

"Lilikuwa limeanguka, Bi. Nimelirudisha."

"Hakikuanguka kitu pale. Watu walikuwa wakienda Hija, wakimwachia baba mali zao bila karatasi. Kile kitupu ndicho amana. Neno la mtu, halionekani, na uzito wake ni sawa na gunia. Tulipokuwa wadogo akituuliza, mbona kitupu na hakiinuki? Asiyejua hapati halua."

Mjukuu akainamisha kichwa. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Sasa naona magunia mawili," akasema. "Ghala lolote lina magunia mawili. Na picha ulikataa."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningemshukuru.

"Litoe, fundi. Urudi kesho ulitoe, kitanga kibaki kama alivyokiacha baba. Litatoka?"

Nilijua halitatoka ila na kitanga chenyewe, pengine na mkono mzima. Pale ndipo pa kusema. Mtu mzima, ndevu nyeupe, nimesimama mbele ya macho yaliyofunguliwa juzi.

"Litatoka tu, Bi. Kesho, inshallah."

"Ahsante, baba."

Nilitaja jina la Mungu nikijua siji. Nikaacha mwiko wangu na ndoo juu ya jukwaa, ili nionekane mtu wa kurudi, nikashika ndia ya gatini, nikaingia boti ya Faza, upande wa kwetu. Sikurudi tena.