Ukoga wa Jino la Saba

Dada yangu hawezi kuona doa akatulia. Kazini walimbandika jina la Mama Dodoki, na wala hakuchukia. Ana miaka kumi na mmoja kwenye ghala la watu wa mambo ya kale, anaosha vigae na mifupa inayofukuliwa. Nyumbani anaosha sahani ambazo mimi nimeshaziosha. Nimegombana naye mpaka nimechoka.

Jumatatu lililetwa sanduku la meno saba ya watu saba, wa enzi zile za zana za mawe, kila moja kwenye bahasha yake. Yote yalikuwa na ukoga mgumu, mweusi. Dada akaona aibu kwa niaba yao. Akachukua sindano, akakwangua, akamalizia kwa mswaki. Kabla hajafungua bahasha ya jino la saba, akaitwa kula.

Aliporudi alimkuta daktari wa mifupa ya kale ameyainamia yale sita, anacheka peke yake.

"Mama Dodoki, njoo uone! Hawa walikuwa wanasafisha meno! Siku zote tunakuta ukoga, na humo ndimo tunamojulia walikula nini. Hawa hawana hata chembe!"

Kwa furaha daktari hata hakuhesabu. Dada akaichukua ile bahasha kando ya beseni, akaificha kwenye droo.

Siku zile nyumbani hapakukalika. Anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga. Alisugua sufuria moja mpaka nikamnyang'anya. Ndipo akaniambia.

"Nikisema, kazi imekwenda, mdogo wangu. Nisiposema, anaandika uongo wangu kitabuni."

"Si ulitupe tu hilo jino, yaishe?"

Nilikuwa namchokoza. Alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, na chai yake ikapoa.

Alhamisi asubuhi alimkuta daktari anamalizia ripoti. Akaiweka bahasha juu ya karatasi zake.

"Daktari, hawa hawakupiga mswaki. Nimewapigia mimi."

"Yote?"

"Yote sita."

Daktari aligonga meza kwa ngumi. Kisha akalitoa lile jino, akalitazama kwa lenzi. Ukoga ulikuwepo, na ubavuni palikuwa na mfereji mwembamba, wa mtu aliyezoea kuchokonoa meno kwa kijiti.

"Na hili kwa nini hukuliosha?"

"Niliitwa kula."

Hakufukuzwa. Alinyang'anywa mswaki tu, siku hizi anaandika lebo. Baadaye ule ukoga ulipopimwa, ulikutwa na masizi ya moto na chembe za viazi vya mwituni. Nilimwambia ashukuru, ameponea chupuchupu. Hakushukuru. Alikuwa anazunguka chumbani, mikono haijui pa kukaa.

"Huyo mmoja tunajua alikula nini," akasema. "Wale sita nao walikula. Nimewafuta midomo."