Milango Minne Isiyo na Komeo

Monicah aliuza sweta za mitumba katika soko la Chaka, upande wa barabara ya Nanyuki, na kwa miaka sita waliomfahamu hawakujua vizuri wamwiteje. Walianza, "Mama Mwai," kisha ulimi ukakwama, wakajirekebisha, "Mama Gathoni." Yeye aliitikia yote mawili. Mmoja wa watoto hao alikuwa kaburini, lakini kuwa mama yake hakukuwa kumekwisha.

Mwai alipomaliza shule alipata kazi Nanyuki, duka la vifaa vya ujenzi, akapanga chumba kimoja cha mawe. Julai ya mwaka ule alikuja nyumbani kuwasalimia. Alipokuwa akifunga mfuko arudi kazini, dadake Gathoni, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, aliingia jikoni akatoa jiko dogo la makaa, lile ambalo mkono wake mmoja ulikatika ukafungwa kwa waya.

"Beba hii," akamwambia.

"Nibebe jiko kama mama anayeuza githeri barabarani?"

"Huko kuna baridi, bana. Usipobeba sitakuongelesha tena."

Mwai akacheka, akalibeba. Wiki mbili baadaye alifunga mlango kwa komeo kwa ndani, madirisha yote yamefungwa, akalala jiko likiwa bado linawaka. Hewa ya makaa ikammaliza. Mwenye nyumba, mzee Mutahi, aliuvunja mlango kwa nyundo. Monicah alipofika aliliona lile jiko kando ya kitanda, na karibu yake soksi mbili zilizotandazwa sakafuni zikauke.

Gathoni alikuwa shule ya bweni. Aliambiwa kaka yake ameuawa na homa ya mapafu. Simeon, baba yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha majani chai huko Kangari, alikubali kusema hivyo. Mzee Mutahi aliombwa, naye akakubali. Monicah alilirudisha jiko Chaka likiwa ndani ya gunia, akalizika nyuma ya banda la ng'ombe. Siku ya tatu baada ya mazishi alichukua bisibisi, akang'oa makomeo ya milango minne ya ndani ya nyumba yao ya mbao, akayatia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunika. Gathoni aliporudi likizo aliuliza makomeo yamekwenda wapi.

"Yalikuwa yameota kutu," mama yake alisema.

Tangu siku hiyo Monicah hakuwa na kazi nyingine kubwa kuliko kumtazama yule aliyebaki. Alifungua mlango wa chumba cha Gathoni bila kubisha, akasimama, akaangalia kama blanketi linapanda na kushuka, akaufunga. Gathoni akicheka na simu, Monicah aliuliza kuna nini. Akikaa kimya, aliuliza kuna nini. Hakuwa akiogopa wavulana, wala pombe, wala mambo wanayoogopa akina mama wengine sokoni. Aliogopa siku moja mtu atamwambia msichana huyu ni nini kilichomuua kaka yake, naye akumbuke ni nani aliyelitia jiko kwenye mfuko.

Gathoni sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Amemaliza kidato cha nne, anangoja chuo, na maneno yake nyumbani yalikuwa yamepungua hadi ndiyo, hapana na nimeshiba. Kwenye simu ndiko alikokuwa akiishi. Siku moja simu ikiwa kwenye chaji, Monicah aliona jina limejitokeza kwenye kioo: Ungo wa Nyeri.

Hakulijua. Lakini Ndila, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kitui aliyehamishiwa Kieni na ambaye alinunua sweta kwake, alilijua.

"Ni kikundi cha WhatsApp cha watu wa mashairi," Ndila alisema. "Si wasomi. Kuna askari, kuna muuza dawa, kuna mzee alikuwa karani wa korti hapo Nyeri, ndiye anakiongoza. Mtu anamtumia shairi kwa siri, yeye analiweka Jumatatu bila jina. Watu wanapepeta mpaka Alhamisi, ndipo mwenyewe anatajwa."

"Wanapepeta nini?"

"Maneno, Mama Gathoni. Wanatoa makapi. Nikutumie kiungo? Wanakubali kila mtu."

Monicah aliishia darasa la saba. Alinunua laini nyingine, akaingia akijiita Emmah wa Kangari. Alitaka kitu kimoja tu, kujua kilichokuwa kichwani mwa binti yake, na kama mle kichwani Nanyuki ilikuwemo.

Kwa miezi minne hakuandika neno. Alijifunza kuwajua wenyeji. Hezekiah, yule karani mstaafu, aliandika kwa nukta na mkato kama anayesoma hukumu. Ouko alikuwa polisi Nanyuki na alipenda mashairi ya mapenzi, jambo lililomfanya atumie nusu ya siku akijitetea. Beverlyne aliuza dawa Karatina na hakumhurumia mtu. Kanuni yao ilikuwa moja: pepeta kilichoandikwa tu. Mtu akileta habari ya nje, akisema huyu mshairi lazima aliachwa, au mimi najua kisa hiki, Hezekiah alimkatiza kwa maneno yale yale: "Hilo halimo unguni."

Walimtania Emmah pia.

"Emmah wa Kangari," Beverlyne aliwahi kuandika, "wewe ni kama mtu amekuja harusi akakaa nje ya hema. Ingia basi ule."

"Mwache," Ouko akajibu. "Kuna wateja wanasoma menyu tu."

Shairi la Jumatatu ile lilikuja saa nne asubuhi. Ilikuwa siku ya ukungu, soko limejaa watu wenye mikono mifukoni, na Monicah alikuwa akipanga sweta za watoto kwa ukubwa. Alisoma akiwa amesimama.

*Nyumbani kwetu milango minne haina komeo.
Yote inatii mkono mmoja.
Anaingia bila hodi, anatazama kifua changu
kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa.
Nikicheka anauliza kuna nini.
Nikinyamaza anauliza kuna nini.
Nimejifunza kupumua kwa sauti
ili mtu mwingine apate usingizi.*

Aliketi juu ya robota la nguo. Mteja aliuliza bei ya sweta ya kijani mara mbili, akaondoka. Monicah alirudia mstari wa mwisho hadi ukapoteza maana, kisha maana ikarudi. Miaka sita alikuwa amesimama kwenye ule mlango akidhani anasikiliza mtoto aliyelala.

Kufikia saa sita ungo ulikuwa umejaa.

"Mistari miwili ya mwisho isiguswe na mtu," aliandika Hezekiah. "Imekaa."

"Lakini huyu mama ni askari jela," akaandika Beverlyne.

"Wacha kutusi kazi ya watu," Ouko akasema. "Askari ni mimi hapa. Na hata sisi tunabisha kwanza."

"Mnabisha na buti."

"Ni kubisha tu hiyo."

Vikatuni vya kicheko vikafuatana. Monicah aliviona vikiongezeka kimoja kimoja, akajua kwamba Gathoni, nyumbani, kilomita moja kutoka pale, alikuwa akiviona vilevile.

Kisha Beverlyne akarudi kwa uzito. "Ngoja niseme ukweli. Shairi liko na shimo. Huyu mama hana sababu. Anamnyima mtoto mlango bure tu. Mtu haamki akang'oa komeo. Aidha mshairi atupe sababu, au tujue mama ni mgonjwa wa kichwa tumwonee huruma."

"Au ni mbaya tu," akaandika mwingine. "Wako akina mama wa hivyo."

"Mimi kama ni mama yangu ningeshahama," akaandika wa tatu.

Sababu iko. Hayo maneno yalimjia Monicah kwa sauti, hata jirani yake muuza viazi akageuka. Alimpa mgongo. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa baridi, naye hakuwa mwepesi wa kuandika, ikamchukua karibu saa nzima. Hakuwa akifikiria shairi, wala Emmah wa Kangari. Alikuwa akimtetea mwanamke aliyekuwa akichekwa mbele ya mtoto wake. Na kwa kuwa hakujua kusema jambo isipokuwa kama alivyoliona, aliandika kama alivyoliona:

"Sababu iko. Huyo mama alikuwa na mtoto mwingine mkubwa. Alifunga mlango na komeo akalala na jiko la makaa ndani, lile jiko dogo lenye mkono wa waya. Mlango ulivunjwa na nyundo. Soksi zake zilikuwa kando ya jiko zikikauka. Huyo mama si mgonjwa na si askari. Aliona komeo ndiyo ilimzuia mtu kuingia mapema. Mkimcheka mjue hilo."

Akatuma. Moyo ukatulia kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akasoma alichoandika, na alipofika kwenye mkono wa waya, akajua Gathoni atalitambua lile jiko.

Alikuwa ameona watu wakifuta ujumbe. Aliubonyeza wake mpaka ukabadilika rangi, akagusa picha ya pipa la taka. Simu ikamuuliza jambo: afute kwa wote, au afute kwake. Mke wa jirani alikuwa akimwita amsaidie kushika turubai, upepo umeanza. Monicah aligusa moja kwa haraka. Ujumbe ukatoweka. Alikitazama kioo, akaona kweli haupo, akavuta pumzi, akaenda kushika turubai.

Aliporudi alikuta majibu.

"Pole sana, Emmah," Beverlyne alikuwa ameandika. "Nimejiona mjinga."

"Afande amenyamaza," aliandika Ouko. "Huku Nanyuki tunaitwa kwenye milango kama hiyo kila Julai."

Na Hezekiah: "Emmah, karibu ndani ya hema baada ya miezi minne. Lakini hilo halimo unguni." Juu ya maneno hayo, katika kisanduku kidogo, ujumbe wake ulikuwa umenukuliwa: *...lile jiko dogo lenye mkono wa waya...*

Alikuwa ameufuta kwake peke yake. Kwa wengine wote ulikuwa palepale.

Hakufunga kibanda. Alimwambia jirani wa viazi amwangalizie, akatembea kwa haraka njia ya mkato kando ya ua wa miti ya sipresi, akipanga uongo mmoja baada ya mwingine. Atasema Emmah ni mtu wa kanisani Kangari aliyesikia vibaya. Atasema majiko ya waya ni mengi. Alipofika, Gathoni alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, simu imelala mapajani kioo chini.

"Ni wewe Emmah," alisema. Hakuuliza.

Uongo wote Monicah aliokuja nao ulikuwa umebaki njiani.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Gathoni alitikisa kichwa polepole kama anayehesabu mashairi yaliyopita tangu mvua. Kisha akatazama pembe ya jiko kubwa, mahali ambapo lile dogo lilikuwa likikaa zamani.

"Mami, mlisema ni mapafu."

"Tulisema."

"Kumbe ni mimi."

"Si wewe. Ni baridi. Ni makaa. Ulikuwa mtoto ukimpenda kaka yako."

"Nilimwambia asipobeba sitamwongelesha." Sauti yake haikupanda. "Na amekufa na soksi zinakauka."

Monicah alipiga hatua amguse. Gathoni aliinuka kabla hajamfikia, wala si kwa hasira, ila kama mtu anayepisha mwingine njiani. Alitazama juu ya kabati.

"Makomeo yako wapi?"

"Gathoni."

"Niambie tu, Mami. Ama nitafute?"

Mkebe ulikuwa chini ya kitanda cha Monicah, nyuma ya viatu vya Mwai. Aliuleta mwenyewe, maana alijua msichana akiingia mle chumbani atavikuta na vile viatu. Makomeo manne yalikuwa safi kama siku yalipong'olewa. Gathoni aliyageuza mkononi, akatafuta kutu, hakuiona. Alichagua moja na skrubu nne, akaomba bisibisi.

Alilifunga mwenyewe kwenye mlango wa chumba chake, taratibu, kwenye matundu yaleyale ya zamani. Monicah alisimama sebuleni mikono ikiwa ndani ya kanga. Mara mbili alisema, "Fungua dirisha basi," na mara ya pili Gathoni alijibu, "Liko wazi."

Kisha akaingia. Komeo likapita mahali pake kwa mlio mdogo ambao Monicah hakuwa ameusikia ndani ya nyumba hiyo kwa miaka sita.

Aliketi sakafuni, bega kwenye mbao. Kitanda kililia mara moja, halafu hakukuwa na kitu. Alitega sikio kama alivyozoea, akingojea ile pumzi nzito, ndefu, iliyokuwa ikimrudisha kitandani mwake na moyo uliotulia. Haikuja. Msichana alikuwa ndani, hai, anapumua kama watu wote wanavyopumua, na hakuna aliyeweza kumsikia.

Alhamisi Hezekiah aliandika kwamba mwenye shairi la wiki ameomba asitajwe, na ameondoka kikundini. Ouko aliandika kwamba ni hasara. Beverlyne aliuliza kama kuna anayejua alikoenda. Monicah alisoma hayo akiwa palepale mlangoni, sahani ya viazi na mboga imepoa kando yake. Kibanda hakikuwa kimefunguliwa tangu Jumatatu. Simeon alikuwa njiani akitoka Kangari.

Akaiweka simu chini. Akainua mkono, akautazama kidogo, akabisha kwa kidole kimoja, kwa mara ya kwanza tangu Mwai azikwe.

"Hodi."

Alingoja.

"Bado, Mami," sauti ikasema kutoka ndani.

Akasogeza sahani karibu na mlango, akaketi tena.