Si Kwamba Harudi

Juzi, pale Shangani, nilimsikia mama mmoja akimwambia mwanawe, "Si kwamba sikupendi." Mtoto akaangua kilio. Nilimwelewa.

Nilipokuwa mdogo, mama yangu alilazwa hospitali kujifungua, nami nikabaki kijijini kwa bibi. Mchana ule bibi alikuwa akimenya mihogo uani, na moshi wa korosho zilizochomwa kwa jirani ulituwasha macho.

"Mwanao kimya mpaka leo?" jirani aliuliza.

"Si kwamba harudi," bibi akajibu. "Wamemzuia kidogo tu."

Mimi nilisikia neno moja: harudi. Nikaingia ndani, nikajifunika kanga ya mama iliyonukia mafuta ya nazi, nikalia.

Bibi akanifuata. "Unalia nini, mjukuu wangu?"

"Umesema mama harudi."

"Nimesema si kwamba harudi! Ukikataa kukataa, umekubali."

Leo naweza kulieleza hilo darasani. Siku ile nilisikia kukataa tu, tena mara mbili.

"Basi sema anarudi."

Bibi akaketi kitandani, mikono imejaa udongo wa mihogo. "Anarudi," akasema, akalirudia neno hilo mpaka nikapitiwa na usingizi.

Mama alirudi siku ya tatu, amembeba mdogo wangu.