Kisiki Nacho Kinataka Samadi

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nasikia sauti ya msumeno. Nilikuwa msichana, nimeshaposwa lakini sijaolewa, na asubuhi hiyo baba yangu aliingia kwenye shamba letu la kahawa hapa Ihanda akaanza kukata mibuni. Si matawi, mibuni yenyewe. Anakata hapa gotini, mti mzima unaanguka, anahamia mwingine. Jua lilipokuwa kali, nusu ya shamba ilikuwa visiki vitupu.

Nitarudi kwenye visiki hivyo. Kwanza nikueleze kilichonikumbusha, maana mzee nikianzia mbele nitasahau nyuma, na wajukuu zangu hawaachi kunicheka.

Mimi ni shabiki wa mpira. Ndiyo, cheka tu. Jumapili niko kwaya, Jumatatu niko shambani, lakini Jumamosi nafunga kitenge changu, napanda gari, huyoo Tunduma kuitazama timu yetu, Nyota ya Mpakani. Refa akikosea namwambia, na sauti Mungu kanijalia. Hapa kijijini tuna tawi letu la mashabiki. Wanakutana kwenye benchi mbele ya nyumba yangu, na bendera ya timu inapepea kwenye mwanzi mrefu kando ya vichanja ninavyoanikia kahawa. Mwenyekiti wa tawi ni mjukuu wangu Ezekia.

Mwaka Nyota walipopanda Ligi Kuu, nani alilala? Hata jirani zetu wa Nakonde, upande wa Zambia, walivuka kuja kutupongeza kwa Kibemba chao, "Mwabombeni! Mwabombeni!" Mpaka sauti zikatukauka. Lakini furaha ile haikukaa. Makocha wakawa wanabadilishwa kama mashati. Wachezaji wanaletwa kutoka huku na kule, wanaondoka hata majina yao hatujayazoea. Na timu ikawa ya kufungwa tu, leo kafungwa, kesho kafungwa.

Nikwambie lililouma kuliko yote? Ni siku timu moja kubwa ya Dar es Salaam ilipokuja kucheza kwetu, na sisi tukifungwa tu tunashuka daraja. Uwanja ulijaa pomoni, mwanangu, lakini ulijaa rangi za wageni. Watu wa Mbozi, watu wa Momba, waliozaliwa na kukulia hapa hapa, wamevaa jezi za wageni na wanawaimbia wageni. Sisi wa Nyota tulibanwa kwenye kakona, ungedhani ndio tuliosafiri. Likaingia bao la kwanza, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kipa wetu Lusekelo, kijana wa Mbebe kule Ileje, akasimama anatazama majukwaa mikono imelegea. Anafungwa nyumbani kwao, na nyumbani kwao wanashangilia. Roho iliniuma jamani, ningeweza ningeingia nikamkumbatie.

Ezekia yeye alipandwa na hasira. Filimbi ya mwisho ilipolia, timu imeshashuka, alikimbilia kwenye uzio akamtolea Lusekelo maneno ambayo siwezi kuyarudia kwa meno haya machache yaliyobaki. Akarudi nyumbani, hakusalimia mtu. Akateremsha bendera akaitupa kwenye benchi.

"Bibi, kesho tuna kikao," akaniambia. "Tunafunga tawi. Hili benchi tutalipaka rangi za ile timu ya Dar. Angalau wale wanashinda."

"Na wale wanakujua wewe?"

"Bibi, nimechoka! Kila nikipita stendi wananicheka. Hii timu imekufa, tung'oe tu tujue moja."

Aliposema "tung'oe" mikono yangu ilisimama juu ya kahawa niliyokuwa nachambua. Nikamtazama, macho yake mekundu, amelia njia nzima. Nikajiona mimi mwenyewe, msichana mdomo wazi, nimesimama mbele ya baba na msumeno wake.

Mibuni yetu ilikuwa imezeeka, mirefu na myembamba, matunda yanapatikana kileleni tu. Majirani wengine walishachoka, wakang'oa kahawa na kupanda mahindi. Baba hakung'oa, alikata. Wapita njia wakawa wanasimama. Wengine wakasema mzee wa watu karogwa. Na mimi niliona aibu kubwa, kwa sababu ndugu za mchumba wangu walikuwa wanapita njia hiyo hiyo kwenda gulioni. Nikamfuata baba na ulimi huu huu unaoujua: "Baba, kama shamba limekufa, si ungeng'oa tu tukajua moja?"

Kwa wakati ule, binti kumjibu baba hivyo ilikuwa ni kuomba kofi. Baba hakuninyooshea mkono. Aliweka msumeno chini, akaniambia nichuchumae. Akafukua udongo kando ya kisiki kwa vidole vyake, mpaka nikauona mzizi, mnene, una majimaji.

"Aliyekata na aliyeng'oa, leo mashamba yao yanafanana," akasema. "Mpita njia haoni tofauti. Sasa wewe, binti yangu, ni mpita njia au ni wa hapa?"

Nikabaki nautazama ule mzizi. Basi akanituma zizini nikachote samadi, nibebe kwa kikapu kichwani, nikawekee kila kisiki fungu lake. Eh, nililia siku hiyo! Samadi inanichuruzikia shingoni, na kisiki chenyewe hakina hata jani. Nani analisha kisiki? Wenzangu wa kisimani walinitungia hadi wimbo, bi harusi wa samadi, na wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, nikajikuta nauimba.

Mvua ziliponyesha visiki vikachipua. Machipukizi yalitoka mengi, yamesongamana, nami nikashangilia. Baba akasema hapana, punguza, bakiza mawili matatu yenye nguvu, ukiyaacha yote utavuna kuni. Tukapunguza. Upande ule tulikaa muda hatuvuni kitu, tunapalilia tu na kubeba samadi, na watu wanacheka tu. Ilipokuja kuzaa, mwanangu, matawi yaliinama mpaka tukayawekea miti ya kuyategemeza. Wale waliong'oa walikuja kwa baba kuomba miche.

Hayo yote nilimsimulia Ezekia jioni ile. Alisikiliza ameshika tama.

"Bibi, mpira si kahawa."

"Najua. Kahawa haina refa."

Akataka kucheka, akajizuia. Nikamwambia, "Lakini hebu nijibu swali la baba yangu, maana mimi nilishindwa kulijibu. Wewe ni mpita njia, au ni wa hapa?"

Akanyanyuka akaenda zake kulala. Nami nikaikunja bendera, nikaifunga ndani ya kitenge, nikaiweka sandukuni.

Kesho yake walifanya kikao chao. Mimi nilikaa ndani kama asiyehusika, sikio liko dirishani. Kelele zilikuwa nyingi. Mmoja anasema timu za huku hazitafika popote. Mwingine anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikasikia sauti ya Ezekia, lakini ya chini, sikuyapata maneno. Kuna walioinuka wakaondoka kwa hasira, nikawasikia wakipita. Nikasema basi, tawi limekwenda. Halafu Ezekia akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Bibi, ile bendera umeiweka wapi?"

Nilimwonyesha sanduku, sikuongeza neno. Kunyamaza kwangu nako ni muujiza, muulize yeyote hapa Ihanda.

Ligi ya daraja la chini ilipokaribia kuanza, wale vijana waliobaki walipita nyumba kwa nyumba. Huyu katoa mahindi, yule maharage, mwingine mkungu wa ndizi. Wakapakia kwenye guta, na mimi nikakaa mbele na dereva, tukaenda kambini kwa timu huko Tunduma. Wale wachezaji wa kuletwa walishaondoka wote. Waliobaki walikuwa vijana wa hapa hapa, wa Vwawa, wa Ileje, mmoja wa Ivuna. Aliyekuja kutufungulia geti alikuwa Lusekelo. Alipomwona Ezekia akarudi nyuma hatua.

"Jamani, mmekuja kutuzomea mpaka kambini?"

Ezekia aliinamisha kichwa. Akaliinua gunia la mahindi begani.

"Tumeleta samadi," akasema.

Maskini kipa wa watu, alitutolea macho! Nilicheka mpaka dereva akanishika nisianguke. "Ni chakula, baba," nikamwambia. "Kuleni mpate nguvu." Ndipo Ezekia akasema, taratibu, "Kaka, yale maneno ya siku ile, nisamehe. Nilikuwa na hasira, lakini wewe hukustahili." Lusekelo alikuja akashika upande wa pili wa gunia, wakaingia nalo ndani.

Sikudanganyi, mwanangu. Nyota hawajapanda tena. Jumamosi iliyopita walitoka sare, na bao tulilofungwa lilikuwa la kizembe, nilisema na nikasikika. Lakini timu ile sasa naijua, nawaita wachezaji kwa majina na wao wananiita bibi. Yule wa Ivuna ana mguu, subiri utamwona.

Basi shika neno langu. Kitu chenu kikidhoofika, kiwe timu, kiwe shule, kiwe hata nyumba yako mwenyewe, usione haya kukikata. Simama kikaoni uwaulize viongozi, wasipofaa waondoke, na machipukizi yasiyo na nguvu yapunguzwe. Msumeno nao ni upendo. Ila usiguse mzizi. Na ukishakata usikae kivulini kwa jirani ukingoja kuona kama kitachipua. Nenda kabebe samadi, hata kama watakuimba. Mkataa kwao ni mtumwa, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Kushangilia anayeshinda ni kazi rahisi, hata mpita njia anaiweza.

Mungu akupe cha kwenu cha kukipenda, akupe na bega la kukibebea. Akuondolee haraka, akuachie hasira kidogo tu ya kukuamsha asubuhi. Na siku matawi yatakapoinama kwa uzito, akukute upo, hujapita njia.