Thenmozhi na Metali ya Kupasua Maji

Thenmozhi alirudi chuoni, mjini Karaikudi, kusini mwa India, akiwa na miaka arobaini, baada ya kufundisha kemia sekondari mpaka sauti ikamkauka. Kazi aliyoiomba ilikuwa kutafuta, kwa hesabu za kompyuta, metali za bei nafuu za kusaidia umeme kupasua maji na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka bila moshi, ili watu waachane na platinamu iliyo ghali. Mama mkwe wake, Sigappi, hakuacha kumtania.

"Wenzio wanachemsha maji wapate kahawa. Wewe unayapasua upate nini?"

"Moshi upungue, mama."

"Basi anzia jikoni kwangu."

Alipitisha kompyutani maelfu ya michanganyiko ya metali, akitafuta ule unaoshika hidrojeni kwa kiasi: ukiikumbatia mno haitoki, ukiilegeza haishikiki. Umeme ulikatika ovyo wakati wa joto, hesabu zikafia njiani, naye akazianza upya. Hatimaye mchanganyiko wa kobalti na bati ukaipita yote.

Ilango, kijana wa maabara, akautengenezea kipande, akakitumbukiza majini na kuwasha umeme. Vikatoka vipovu viwili vitatu vya kusuasua.

"Dada, kompyuta yako imenichezea. Hata msumari wa mlangoni ungetoa povu zaidi!"

Profesa Kathiresan, mkuu wa maabara, alimwita ofisini. "Achana na metali hizi, Thenmozhi. Jiunge na mradi wa betri. Wana watu, wana vifaa."

"Nipe mpaka mvua zianze, Profesa."

"Zikianza?"

"Nitakuja kukuonyesha povu, au nitakuja kubeba betri."

Alirudi kwa Ilango. "Kipande kilitoka na rangi gani?"

"Cheusi. Kiliingia kinang'aa."

Thenmozhi akafungua hesabu zake. Mle kompyutani metali yote ilikuwa safi, uchi. Majini ilivaa koti la kutu. Alikuwa amehesabu kitu kisichokuwepo.

"Tunarudia," akasema. "Kila mchanganyiko, na koti lake."

"Yote? Dada, una wazimu?"

"Kidogo. Kaa hapa unisaidie."

Hesabu mpya zikapindua kila kitu. Mchanganyiko wa kobalti na bati ukaporomoka. Ule wa nikeli, shaba na titani, aliokuwa ameutupa mapema, ukapanda juu. Mawingu ya kwanza yalikuwa yamekwisha kujikusanya Ilango alipowasha umeme tena, na safari hii vipovu vikafoka kama maziwa yanayochemka. Ilango akapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio.

Profesa aliinamia chombo, miwani ikimteleza puani. "Inadumu?"

"Sijui bado."

Haikudumu. Baada ya wiki chache povu lilipungua, maana shaba ilikuwa ikiyeyuka polepole. Lakini hakuna aliyetaja tena betri. Profesa alimpa kompyuta ya pili na chumba chenye feni nzima, na Thenmozhi akaketi, akapandisha mikono ya blauzi, akaanza kuhesabu ni metali gani ingeizuia shaba isikimbie.